Jina si Ushahidi: Kutambua Aina ya Faili la Mtandaoni kupitia API

Mhadhara kwa wakutubi, watunza masjala na wanafunzi wa kompyuta wa Meru na Embu



Nimeombwa nizungumzie swali ambalo kila aliyemo ukumbini hulijibu mara kadhaa kwa siku bila kulifikiria: faili hili ni la aina gani? Mtu aliyeketi mbele ya kompyuta hulijibu kwa macho. Anaona herufi tatu mwishoni mwa jina, anaona kijipicha cha PDF, anabofya. Swali hugeuka pale mafaili yanapokuwa elfu kumi, yako kwenye seva ya mwingine, na anayeuliza ni programu isiyo na macho. Programu huuliza kupitia kiolesura, ambacho wengi wetu tunakiita API tu, na hupewa jibu la maneno machache: hili ni PDF, hili ni picha, hili ni lahajedwali.

Hoja yangu ni moja. Jibu hilo, mara nyingi, ni dai. Kuna mtu au programu iliyolitoa kabla yako, na huenda haikulifungua faili lenyewe. Anayetunza nyaraka za umma hana budi kulipima dai hilo kwa yaliyomo ndani ya faili, kisha aandike alichokiona.

Nyaraka zetu ziko wapi siku hizi

Swali hili lina uzito huku kwetu kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni vyuo. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, pale Nchiru, kilipata hati yake ya kujitegemea 2013. Chuo Kikuu cha Embu kilipata yake 2016. Chuo Kikuu cha Chuka kiko katikati ya hivyo viwili, upande wa Tharaka Nithi. Tasnifu na makala za wasomi wa vyuo vya namna hii siku hizi huwekwa katika hazina za kidijitali, na hazina nyingi za vyuo vya Kenya zimejengwa juu ya DSpace, programu huria iliyotolewa 2002 na chuo cha MIT pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard. Hazina hizo husomwa na watu, lakini husomwa zaidi na programu: injini za utafutaji na mifumo inayokusanya tasnifu kutoka chuo hadi chuo.

Ya pili ni mahakama. Kuwasilisha kesi kwa njia ya mtandao kulianza jijini Nairobi Julai 2020, na Machi 2024 utaratibu huo ukatandazwa nchi nzima. Kesi ya shamba kutoka Mbeere au Tigania leo hufika kortini ikiwa rundo la mafaili: hati ya kiapo, ramani, nakala ya hati miliki, picha za mpaka.

Ya tatu ni kaunti. Tangu 2013 serikali za kaunti hutoa makadirio ya bajeti, mipango ya maendeleo ya miaka mitano na kumbukumbu za mabunge yao. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inataka habari hizo zifikike kwa urahisi, watu wenye ulemavu wakizingatiwa. Bajeti isiyofunguka kwenye simu ya mkulima wa Runyenjes imechapishwa kwa jina tu.

Sasa, tuone dai hupimwa vipi kwa mfano wa ghala: afisa anayepokea mahindi ana pa kuangalia patatu. Kuna maandishi yaliyochapwa kwenye gunia. Kuna karatasi ya mzigo aliyokuja nayo dereva. Na kuna bambo: anadunga gunia, anachomoa punje, anazitazama kiganjani. Faili la mtandaoni nalo lina pa kuangalia patatu: jina lake, tamko la seva, na baiti zake zenyewe. Tuanze na jina.

Jina

Herufi zinazofuata nukta ya mwisho, tunazoziita kiendelezi, ni sehemu ya jina. Hazimo ndani ya faili. Anayeweza kulibadili jina anaweza kuzibadili.

Ingia saiba yoyote pale Makutano, mjini Meru, siku za maombi ya nafasi za vyuo au za kazi. Mama amekuja na picha ya cheti cha mwanawe kwenye simu. Tovuti anayotuma imekataa picha, inataka PDF. Kijana wa saiba, mwenye foleni ya watu nyuma ya kiti, anabofya jina la faili, anafuta jpg, anaandika pdf. "Tayari, mama, sasa ni PDF." Tovuti inayoangalia jina peke yake inalipokea. Wiki mbili baadaye afisa analifungua, na programu yake inamwambia faili limeharibika. Hakuna kilichoharibika. Picha iko salama ndani yake, ila imepachikwa jina lisilo lake. Mama hana habari, na mwanawe anahesabiwa kuwa hakutuma cheti.

Huo ni udanganyifu usio na nia mbaya. Upo wenye nia mbaya pia. Tarehe 4 Mei 2000, kirusi cha kompyuta kilichoanzia Ufilipino kilisambaa duniani kwa siku chache kikiwa kimeambatishwa kwenye barua pepe za mapenzi. Jina la faili lake liliishia kwa TXT.vbs. Kwa kawaida Windows huficha kiendelezi inachokifahamu, kwa hiyo mpokeaji aliona TXT tu, akadhani ni maandishi ya kawaida, akafungua. Alichokifungua kilikuwa programu. Miaka zaidi ya ishirini imepita na mbinu hiyo bado hutumika, kwa sababu watu bado husoma jina na kuamini.

Jina lina faida yake. Ni rahisi, halina gharama, na mara nyingi huwa sahihi. Lichukuliwe kama fununu ya kuanzia kazi.

Tamko la seva

Juni 1992, wataalamu wawili wa Marekani, Nathaniel Borenstein na Ned Freed, walichapisha pendekezo la MIME. Shida waliyoitatua ilikuwa ya barua pepe, ambayo wakati huo ilibeba maandishi matupu. Walitaka barua iweze kubeba picha, sauti na nyaraka, na mpokeaji aelezwe mapema anapokea nini. Wakaweka utaratibu wa majina mawili yenye mkwaju katikati: `text/plain`, `image/jpeg`, `application/pdf`. Wavuti ikaurithi utaratibu huo, na hadi leo seva inapotuma faili hutanguliza mstari unaotaja aina yake.

Hapa ndipo API inapoanza kuwa na manufaa. Itifaki ya wavuti ina ombi linaloitwa HEAD. Programu huiambia seva: nipe maelezo ya faili hili, faili lenyewe baki nalo. Jibu huwa hivi:

`HTTP/1.1 200 OK`
`Content-Type: application/pdf`
`Content-Length: 5242880`

Mstari wa kwanza unasema ombi limekubaliwa. Wa pili unataja aina. Wa tatu unataja ukubwa, baiti 5,242,880, yaani megabaiti 5. Umejua mambo mawili kuhusu faili la MB 5 kwa kutumia baiti mia chache. Kwa anayefanya kazi kwa bando la simu huko Kiritiri au Mikinduri, hiyo si tofauti ndogo.

Lakini tuulize seva imeijuaje aina hiyo. Seva nyingi huwa na orodha: pdf ni `application/pdf`, jpg ni `image/jpeg`, na kuendelea. Inapopokea ombi, inatazama kiendelezi, inatafuta kwenye orodha, inajibu. Haikulifungua faili. Picha ya yule mama, ikiwekwa kwenye seva ya namna hiyo, itatangazwa kuwa PDF kwa uhakika wote. Mashahidi wawili wanaokubaliana kwa sababu mmoja amenakili kwa mwenzake ni shahidi mmoja.

Kuna majibu mawili ya seva ambayo mwanafunzi wa kompyuta anapaswa kuyajua vizuri.

La kwanza ni `application/octet-stream`. Maana yake ni mfululizo wa baiti, basi. Seva imekiri kwamba haijui. Programu nyingi hulichukulia jibu hili kama kosa na kuliruka faili. Mimi naliona kuwa jibu la kweli kuliko mengi: limekuambia uende ukaangalie mwenyewe.

La pili ni hatari zaidi. Kiungo kinasema tasnifu.pdf, seva inajibu 200 kwamba mambo ni sawa, lakini aina iliyotajwa ni `text/html`. Kilichotokea ni kwamba muda wa kuingia umekwisha, na seva imeleta ukurasa wa kuomba nywila badala ya tasnifu. Programu isiyosoma mstari wa aina itahifadhi ukurasa huo kwa jina la tasnifu, na itarudia hivyo kwa tasnifu mia tano. Mkutubi atahesabu tasnifu mia tano kwenye diski, zote zikiwa na kilobaiti chache zinazolingana, na hatakuwa na hata moja. Anayekusanya nyaraka aoanishe aina na ukubwa daima.

Baiti zenyewe

Sasa tushike bambo. Wabunifu wa aina nyingi za mafaili waliweka alama mwanzoni mwa faili ili programu ilitambue. Faili la PDF huanza na herufi `%PDF-` zikifuatwa na namba ya toleo, kwa mfano 1.4 au 1.7. Picha ya JPEG huanza na baiti FF D8 FF. Picha ya PNG ina baiti nane za mwanzo, na ya pili hadi ya nne husomeka P, N, G. Faili la ZIP huanza na PK, herufi za Phil Katz aliyelibuni umbo hilo. Nyaraka za zamani za Word, zile za kiendelezi doc, huanza na D0 CF 11 E0, ambapo wahandisi walichezea tarakimu ili zifanane na neno docfile.

Wazo la kusoma alama hizi si geni. Mfumo wa Unix umekuwa na amri inayoitwa `file` tangu toleo la nne, 1973. Unaipa faili, inasoma baiti zake, inakuambia ni nini. Ian Darwin wa Kanada aliandika toleo huria la amri hiyo katika miaka ya 1980, na maktaba yake ya alama, libmagic, ndiyo inayotumika ndani ya programu nyingi hadi leo. Ukiwa na kompyuta ya Linux, iamuru ikague ile picha iliyobadilishwa jina, na itajibu bila kusita: ni JPEG.

Mtu atasema: hiyo ni kwa faili lililo kwenye diski yangu, na leo tunazungumzia faili lililo mbali. Ndiyo, na itifaki ya wavuti imeliona hilo. Programu inaweza kuomba kipande tu cha faili kwa kuongeza mstari huu katika ombi lake:

`Range: bytes=0-4095`

Seva inayoelewa hujibu kwa namba 206 na kutuma baiti 4,096 za mwanzo pekee. Tufanye hesabu. Hazina ina mafaili 1,000, kila moja MB 5. Ukiyapakua yote umetumia karibu GB 5. Ukisoma baiti 4,096 za mwanzo za kila faili umetumia takriban MB 4. Kwa gharama ya picha moja au mbili za simu umeikagua hazina nzima. Seva isiyoelewa ombi hilo hujibu 200 na kuanza kutuma faili lote. Programu iliyoandikwa vizuri husoma inachohitaji kisha hukata muunganisho.

Bambo nalo lina mipaka yake. Hati ya Word ya kisasa, docx, ni faili la ZIP lenye mafaili madogo ndani yake. Lahajedwali la xlsx ni ZIP. Kitabu cha EPUB ni ZIP. Programu ya simu za Android, APK, ni ZIP. Zote huanza na PK. Anayeishia kwenye baiti mbili za mwanzo atasema ZIP, naye atakuwa amesema kweli isiyomsaidia mtu. Inabidi aingie ndani zaidi. EPUB hurahisisha kazi: faili lake la kwanza la ndani hubeba jina la aina bila kubanwa, kwa hiyo linasomeka moja kwa moja karibu na mwanzo. Kwa docx hutafutwa orodha ya aina iliyomo ndani ya kifurushi, na fahirisi ya ZIP hukaa mwishoni mwa faili, hivyo programu huomba kipande cha mwisho pia.

Na kuna mafaili yasiyo na alama yoyote. CSV, ambayo ndiyo njia bora ya kutoa takwimu za bajeti kwa umma, ni maandishi yaliyotenganishwa kwa mkato. Hayana cha kuyatambulisha ila mpangilio wake. Hapa programu hukisia, na kisio lake liandikwe kuwa kisio.

API zinazotunza kumbukumbu ya aina

Mifumo mikubwa haikulazimishi kuuliza seva faili kwa faili. Ina kumbukumbu. Nitaeleza miwili mnayoitumia.

Wa kwanza ni Google Drive, unaotumiwa na wanafunzi na ofisi nyingi. Katika API yake kila faili lina sehemu inayoitwa `mimeType`, na katika toleo la tatu ni miongoni mwa mambo manne yanayorudishwa hata usipoyaomba: jina, kitambulisho, aina hiyo, na maelezo ya aina ya rasilimali. Unaweza hata kuuliza kwa jumla: nipe mafaili yote ambayo `mimeType = 'application/pdf'`.

Drive ina mambo mawili ya kuwa macho nayo. Hati iliyoandikwa humo humo ina aina yake ya pekee, `application/vnd.google-apps.document`, na lahajedwali lina yake. Hizi hazina baiti za kupakua. Ukiomba upakuaji wa kawaida utakataliwa. Sharti uombe igeuzwe kuwa docx au PDF, na mgeuzo huo una kikomo cha MB 10. Kwa maneno mengine, unachopokea ni aina uliyoichagua wewe wakati wa kuomba. Jambo la pili ni njia za mkato: zina aina yake pia, na aina ya faili linaloelekezwa huandikwa mahali pengine. Programu isiyojua hilo itahesabu njia za mkato kama nyaraka.

Mfumo wa pili ni DSpace. Matoleo ya kuanzia la saba yana API ambapo kila faili lililohifadhiwa lina anwani ya umbo lake. Ukiuliza, unapata maelezo mafupi, aina ya MIME, na kiwango ambacho hazina inaahidi kulitunza umbo hilo. Ni utaratibu mzuri. Lakini tuulize tena lile swali la seva: DSpace imeijuaje aina? Kwa kawaida, faili linapopakiwa, DSpace hutazama kiendelezi na kukilinganisha na orodha yake ya maumbo. Kiendelezi kisipokuwemo, faili huandikwa kuwa halijulikani. Kumbe API yenye heshima yote hiyo inakurudishia herufi tatu alizoandika mwanafunzi usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya kuwasilisha. Hili lina dawa: ukaguzi wa baiti unaweza kuongezwa kabla ya faili kuingia hazinani, na mkutubi anaweza kusahihisha umbo kwa mkono.

Kuna suala la faragha hapa pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatutaka tusichukue zaidi ya tunachohitaji. Drive huruhusu programu ipewe ruhusa ya kusoma maelezo ya mafaili bila kuyagusa yaliyomo. Ruhusa hiyo inakutosha kuona `mimeType`, haikutoshi kusoma baiti. Hivyo mkaguzi huchagua: ashike dai bila kumchungulia mtu, au apate ushahidi kwa ridhaa ya mwenye faili. Kwa nyaraka za umma, kama bajeti na tasnifu zilizochapishwa, sioni sababu ya kuishia kwenye dai. Kwa rekodi za wagonjwa au za wanafunzi, dai latosha mpaka kuwe na sababu ya kufungua.

Aina ni zaidi ya chombo

Tuseme sasa tumethibitisha: ni PDF kweli. Je, kazi imekwisha? Bado. PDF ilizinduliwa na Adobe 1993 na ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO 2008, na ndani yake mna mengi. PDF inaweza kubeba maandishi yanayotafutika. Inaweza pia kubeba picha ya karatasi iliyoskaniwa, isiyo na herufi hata moja kwa macho ya kompyuta. Zote mbili ni `application/pdf`. Msomaji asiyeona, anayetegemea programu ya kusoma kwa sauti, atasikia ya kwanza. Katika ya pili atasikia kimya. Mwanahabari anayetafuta neno "barabara" katika bajeti ya kurasa mia tatu atalipata katika ya kwanza, na katika ya pili ataambiwa halimo. Kwa hiyo ukaguzi wa PDF ya umma hauna budi kuuliza swali la ziada: kuna maandishi ndani? Kwa hati za kudumu tuulize pia kama ni PDF/A, aina iliyowekwa 2005 kwa ajili ya hifadhi ya muda mrefu, inayotaka fonti zote ziwemo ndani ya faili.

Toleo nalo lina maana. Ndiyo sababu Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza ilianzisha PRONOM 2002, sajili inayoliwekea kila toleo la kila umbo namba yake, na baadaye ikatoa programu ya bure ya DROID inayokagua mafaili kwa kutumia sajili hiyo. Katika PRONOM, PDF 1.4 ina namba fmt/18 na docx ina fmt/412. Masjala yoyote ya hapa inaweza kuitumia leo bila kulipa senti.

Kwa maandishi matupu kuna jambo linalotugusa sisi moja kwa moja. Kiembu huandikwa kwa ĩ na ũ. Katika mfumo wa UTF-8 herufi ũ hushika baiti mbili, C5 A9, na ĩ hushika C4 A9. Seva inapotangaza `text/plain` bila kutaja mfumo wa herufi, programu inaweza kudhani ni mfumo wa zamani wa Ulaya Magharibi, na kila baiti ikasomwa kama herufi yake. Hapo neno mũndũ hutokea kwenye skrini likiwa mÅ©ndÅ©. Anayekusanya hadithi za wazee wa Kiembu ataona faili zima limejaa alama hizo na kudhani limeoza. Faili ni zima. Kilichokosekana ni maneno machache katika tamko: `charset=UTF-8`.  Tatizo hili tusipolisemea sisi, hakuna atakayelisemea.

Maswali ninayoyatarajia

Kuna atakayeuliza kama alama za baiti haziwezi kughushiwa. Zinaweza. Mtu anaweza kutengeneza faili linaloanza kama picha na kuishia kama ZIP, na programu mbili zikalisoma kwa namna mbili. Kwa hiyo kutambua aina hakuondoi haja ya kukagua virusi, wala hakusemi kwamba hati miliki iliyomo ni halali. Kunasema tu chombo ni cha namna gani. Hati bandia ya shamba inaweza kuwa PDF safi kabisa.

Mwingine atauliza kuhusu akili unde. Februari 2024 Google walitoa Magika, kielelezo kidogo kilichofunzwa kutambua aina za mafaili, na kina nguvu hasa pale alama zinapokosekana, kama kwenye misimbo ya programu na maandishi matupu. Kitumieni. Ila kinatoa kisio pamoja na kiwango cha uhakika, na kiwango hicho kinastahili kuandikwa pamoja na jibu.

Ninachopendekeza

Ukaguzi ufanywe faili linapopokelewa. Mama wa Makutano angeambiwa palepale, "faili hili ni picha ya JPEG yenye jina la PDF, tafadhali ligeuze," lingekuwa jambo la dakika mbili. Likigunduliwa baada ya wiki mbili, yeye ndiye anayelipia kosa la mfumo, kwa nauli na kwa nafasi ya mwanawe. Bora zaidi, tovuti ipokee picha na kuigeuza yenyewe, kwani seva inaweza kufanya hivyo kwa sekunde.

Kila hazina na kila masjala iandike mambo matatu kwa kila faili: aina iliyodaiwa, aina iliyoonekana ndani, na chombo kilichotumika kuikagua pamoja na tarehe. Aina hizo mbili zikitofautiana, zisisawazishwe kimyakimya. Tofauti yenyewe ni habari: inaonyesha ni idara gani haina skana nzuri, ni saiba gani zinahitaji mafunzo, ni programu gani inatoa mafaili mabovu.

Na ninyi wanafunzi wa Nchiru na Embu, mradi wa muhula mmoja uko mbele yenu. Chukueni nyaraka ambazo kaunti mbili hizi zimezichapisha wazi. Andikeni programu inayouliza HEAD, inayosoma baiti 4,096 za mwanzo, na inayojaribu kutoa maandishi kwenye kila PDF. Yaandikeni majibu kwenye faili la CSV, mlichapishe kwa UTF-8, na mlipeleke kwa makarani wa mabunge ya kaunti mkiwa na pendekezo la marekebisho kwa kila faili. Nendeni kama raia wanaotaka kusoma, maana haki ya kupata habari huanza kutekelezwa pale hati inapofunguka na kusomeka.